Taa za Mabehewa ya Mjomba

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na kabla haijakatika Mama alikuwa ameshatoa habari mbili mezani. Ya kwanza, Dada atajifungua mwezi wa tano na atakuja kukaa kwetu na mtoto mpaka apate nguvu. Ya pili, watakaa chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma ni cha treni. Nikiwa mtu mzima nitataka kukumbuka kilivyokuwa, kwa hiyo nakiandika. Meza ya mbao imejaa chumba kizima hata mlango haufunguki wote, na ukitaka kufika dirishani inabidi upite kwa ubavu. Juu ya meza reli zinazunguka, zinapita kwenye handaki la karatasi ngumu na stesheni yenye paa la kopo la maziwa. Kuna kilima chenye miti ya rangi ya kahawia, maana kule kwenye kilima, anasema Mjomba, siku zote ni kiangazi. Kuna kichwa cha treni na mabehewa sita, na kila behewa lina viti ambavyo huvioni mpaka uinamishe shingo.

Mjomba ni kaka yake Mama, fundi saa, na anaishi nasi tangu sijaanza shule. Treni hii ameijenga miaka yote hiyo. Mama hakusema itupwe, alisema iingie kwenye maboksi. Mjomba akajibu sawa, mtoto ndiye mwenye nyumba, akaomba aongezewe chai. Chai hakuinywa.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Mjomba ameshinda akipangusa mabehewa kwa brashi, moja moja, kama mtu anayewaogesha watoto kabla ya safari.

Jumatano, 11 Machi

Maktaba inatengeneza chumba cha watoto. Nilikuwa nimesimama kwenye rafu ya kamusi nikamsikia mkutubi akimwambia msaidizi wake kwamba kona moja haina dirisha, ni giza tupu, na hajui aweke nini cha kuwavuta watoto kule. Nilitaka kusema. Nilisogea hatua moja, nikakohoa, akanitazama, nikauliza saa ya kufunga. Saa ya kufunga imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko mkono wangu.

Nyumbani nikamwambia Mjomba. Naye haya hana hata chembe.

Alhamisi, 12 Machi

Mjomba amekwenda maktaba na amerudi amelowa chapachapa, anacheka. Mkutubi atakuja kuiona treni Jumamosi ya tarehe ishirini na tano mwezi ujao. Akiipenda ataichukua na meza yake. Sharti ni moja: kwa kuwa kona ni giza, treni iwe na taa zake. Isipokuwa nazo, au zisipofanya kazi vizuri, atatafuta kitu kingine, na sisi tutarudi kwenye maboksi.

Mjomba hajawahi kufunga taa kwenye kitu chochote. Alinigeukia mimi. Ananiita Kamusi kwa sababu ya tabia yangu ya kusoma kitabu hicho wakati wa kula.

"Kamusi," akasema, "umeme si uko kwenye vitabu vyako?"

Uko. Nilisema ndiyo kabla haya hazijanifikia.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesoma siku mbili na nimeelewa hivi. Kitaa cha LED ni kidogo kama punje ya mchele na hakijui kushiba. Ukikipa umeme mwingi kitaupokea wote mpaka kife. Kwa hiyo lazima mbele yake uweke rezista, kijidude chenye mistari ya rangi, kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa fujo. Mjomba akasema basi rezista ni kama Mama akigawa nyama. Nilitaka kumrekebisha lakini kwa kweli ni hivyo hivyo.

Reli zetu zina volti kumi na mbili. Nimepiga hesabu: kila kitaa kinahitaji rezista ya omu elfu moja. Unaitambua kwa mistari: kahawia, nyeusi, nyekundu. Mjomba ana kopo zima la rezista alizozing'oa kwenye redio mbovu, za kila aina, zimechanganyika. Nimechambua mpaka macho yakauma. Mjomba alikaa pembeni akinisimulia habari za wateja wake.

Jumapili, 15 Machi

Behewa la kwanza limewaka. Mjomba alizima taa ya chumba, akatazama, kisha akauliza kama hii ni treni au bucha. Mwanga ulikuwa mweupe mno. Tumekizungushia kitaa karatasi ya manjano ya peremende, na sasa behewa linaonekana kama lina watu ndani wanaosinzia.

Nimekula peremende tano kwa ajili ya sayansi.

Alhamisi, 19 Machi

Tatizo. Treni ikienda mbele taa zinawaka, ikirudi nyuma zinazimika. Mjomba anasema si tatizo, treni ikirudi nyuma abiria wanalala. Sikucheka. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na treni ikigeuza mwendo umeme nao unageuka. Nilipaswa kulijua hilo. Nimelikuta kitabuni, ukurasa niliouruka kwa haraka.

Jumamosi, 21 Machi

Dawa imepatikana: diodi nne kwa kila behewa, vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zimepangwa mraba, ili umeme ukitoka kokote ufike kwenye kitaa kwa upande ulio sawa. Mimi nilichora, Mjomba akalehemu. Vidole vyake ni vinene lakini akishika koleo dogo la saa vinakuwa vya mtu mwingine.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Jaribio la jiografia. Gurudumu moja chafu.

Jumamosi, 4 Aprili

Mabehewa mawili yamekamilika, na kichwa cha treni kina taa nyeupe mbele. Sasa mimi ndiye ninayelehemu, maana Mjomba amesema mkono unajifunza kwa kuungua, na wangu unajifunza haraka sana.

Nitasema ukweli, ananichosha. Nikimwambia nipe rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, anachukua yoyote, ananipa huku akisimulia. Nikimwambia siyo, anasema basi hii, na hiyo nayo siyo. Nimeacha kumwomba, nachukua mwenyewe. Mtu anayeweza kusikia saa iliyochelewa kwa kuiweka tu sikioni anashindwaje kutazama mistari mitatu?

Leo amerudia hadithi ya ujana wake, alivyokwenda kuomba kazi ya udereva wa treni wakamkataa kwa sababu ya urefu, eti kichwa kingegonga dari. Mama alikuwa anapita na nguo alizozianua. Hakucheka. Yeye huwa hacheki kwenye hadithi hiyo, nami hudhani ni kwa sababu ameisikia mara nyingi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mitihani imeanza. Mjomba amesema nisome, yeye atanichagulia rezista za mabehewa manne yaliyobaki. Nilisita. Akasema, "Kwani mimi sijui kuhesabu mpaka tatu?" Nikaona aibu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mtihani wa hesabu. Mvua ilipiga bati la darasa mpaka msimamizi akawa anatangaza muda kwa vidole.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekuta rezista zimelala kwenye kitambaa cheupe, zimenyooshwa miguu, zimepangwa kwa mstari kama wanafunzi gwarideni. Nilifurahi nikalehemu mfululizo mabehewa mawili.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemaliza la sita. Nimeongeza taa nyekundu nyuma yake, kama treni ya kweli. Umeme ulikatika mara tu nilipoweka chini chuma cha kulehemu, kwa hiyo tumeyajaribu mabehewa manne kwa betri ndogo ya mraba. Yamewaka, tena kwa nguvu kuliko yale mawili ya kwanza. Mjomba amesema mkono wangu umekomaa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nataka kuandika yote.

Umeme ulirudi asubuhi. Mkutubi alikuja na mwavuli mkubwa, akauacha mlangoni, akapita kwa ubavu kati ya meza na ukuta kama sisi. Aliyapenda mabehewa. Aliinamisha shingo akaviona viti, na akauliza kama paa la stesheni ni kopo. Mjomba alifurahi hata masikio yake yakasogea. Kisha tukafunga pazia, Mjomba akazungusha kitufe, treni ikaondoka.

Mabehewa mawili ya mbele yalikuwa na ule mwanga wa watu wanaosinzia. Manne ya nyuma, pamoja na karatasi zao za manjano, yalikuwa meupe kabisa, yanachoma macho. Mkutubi akasema, "Haya ni daraja la kwanza?" Mjomba akacheka. Treni ilipozunguka mara ya pili mwanga wa nyuma ukageuka kuwa wa buluu. Nikasikia harufu. Behewa la mwisho likazimika, likafuata la tano, la nne, kisha la tatu, kama mtu anayepita anafunga milango. Paa la behewa la tano lilivimba likatoa uzi mwembamba wa moshi.

Mjomba alizima kila kitu, nami nikafungua pazia. Mkutubi alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta.

Hakukasirika. Aliuliza kwa upole, nani alifunga zile taa. Nikasema mimi. Nilimtazama Mjomba, sijui nilitegemea nini. Labda angesema tulifunga pamoja. Alikuwa ameinamia reli, anazikagua kana kwamba zina kosa.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri kwa umri wako," mkutubi akasema. "Lakini kule kwangu kila kitu ni karatasi. Siwezi kuweka kitu kinachotoa moshi."

Akachukua mwavuli wake. Mjomba alimsindikiza mpaka getini bila koti, mvua ikimnyeshea.

Jumapili, 26 Aprili

Nimepiga hesabu upya. Iko sawa. Nimepiga tena kwa kuanzia mwisho. Iko sawa.

Mama ameleta maboksi kutoka dukani, ameyaweka kwenye korido, amenipapasa kichwa akipita.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimefungua behewa la tano. Rezista imeungua ikawa nyeusi yote, mistari haisomeki. Labda nililehemu vibaya. Labda waya uligusana mahali. Mjomba anasema nisijali, halafu anaondoka mapema kwenda kazini na kurudi amechoka. Leo chakulani hakusimulia chochote, na meza ilikuwa kubwa ghafla.

Jumatano, 29 Aprili

Jioni Mjomba amekuja chumbani kwangu. Huwa haji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya daftari langu la kemia, akafungua kiganja. Kulikuwa na rezista mbili.

"Ipi ni ya elfu?"

Nilimwonyesha bila kufikiri.

"Umejuaje?"

"Mstari wa mwisho. Huu mwekundu, ule wa kahawia. Ya kahawia ni ya mia moja tu."

"Mimi naona mapacha," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia nyekundu, kahawia na kijani kwake ni ndugu, hajawahi kuwatofautisha tangu azaliwe. Zile alizonichagulia alizichagua kwa kubahatisha, akitumaini kwamba nyingi ni za elfu. Na kule reli walikomkataa zamani, hakuna aliyepima urefu wake. Walimweka mbele ya taa mbili wakamwuliza ipi ni ya kusimama, akawajibu kwa ujasiri, akakosea. Wakarudia, akakosea tena. Anayejua ni Mama peke yake, ambaye alikuwa mdogo siku ile na alimkuta nyuma ya nyumba akilia.

"Kuungua kwa taa si kitu," akasema. "Ulisema 'mimi' mbele ya mgeni, na mimi nikatazama reli. Hicho ndicho kinaninyima usingizi. Nisamehe, mwanangu."

Kwa siku hizi zote nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe, na sasa hasira imenibakia mkononi bila mahali pa kuiweka. Nilikuwa nimemwona mzembe wakati alikuwa anaogopa. Na kweli aliniacha peke yangu, nalo hilo ni kweli, yote mawili yanakaa pamoja. Nikamwambia nimemsamehe. Kisha nikamwuliza, kwa sababu lazima niulize, kuhusu miti ya kilimani.

"Imefanyaje?"

"Ni ya kahawia."

"Yote?"

"Yote, Mjomba."

"Na watu wote waliokuja hapa hawakusema?"

"Ulisema ni kiangazi."

"Nilisema kiangazi kwa sababu wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini miti haina majani. Nilidhani unasema majani ni machache."

Tulicheka mpaka Mama akaja kugonga, akatutazama, akaziona rezista kiganjani. Alikwenda akayaondoa maboksi kwenye korido, akasema yanamkwaza miguu.

Alhamisi, 30 Aprili

Mjomba alisema ataenda maktaba kueleza ukweli wote. Nilimwomba aniachie. Siri ni yake, anaweza kuitoa siku akitaka, lakini isiwe kama nauli ya kupewa nafasi nyingine.

Nilisimama mbele ya dawati la mkutubi. Nikasema tumejua kosa lilikuwa wapi: rezista zilikuwa dhaifu mara kumi kuliko hesabu, na hatukuzipima. Nikasema tunaomba siku moja nyingine.

Aliuliza kosa lilikuwa la nani.

"Letu," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani muda mrefu. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo. Treni ikimbie toka afike mpaka atakapochoka, na yeye mwenyewe atagusa paa la kila behewa kwa mkono. Likiwa la moto hata moja, basi.

Jumamosi, 2 Mei

Tuna utaratibu mpya. Mjomba anaipima rezista kwa mita ya umeme na kunong'ona namba kwenye kikombe kitupu, ili nisisikie. Mimi nasoma rangi na kuandika kwenye kiganja. Kisha tunafunua. Tukikubaliana inapita, tusipokubaliana inarudi koponi. Kikombe ni wazo lake, na hakina faida yoyote.

Jumatatu, 4 Mei

Leo hatukukubaliana. Mimi nilisema elfu, mita ikasema mia mbili. Niliisoma kutoka upande usio wake. Mjomba amefurahi siku nzima. Amemwambia Mama, na amemwambia muuza mkate, ambaye hajui rezista ni nini.

Alhamisi, 7 Mei

Mabehewa yote yanawaka kama ndugu. Mjomba anakwenda kuyagusa kila baada ya chakula.

Jumamosi, 9 Mei

Mkutubi alikuja na kiti chake cha kukunja. Aliketi mlangoni, maana ndani hapakuingia kiti, na treni ikazunguka. Alikunywa chai, akasoma nusu ya gazeti. Mvua ikaanza ikaisha. Kisha treni ikasimama mbele yake, naye akanyoosha mkono akagusa paa moja baada ya jingine, polepole, macho kafumba, kama anayechagua parachichi. Mjomba alikuwa ameacha kupumua.

"Baridi," akasema. Akagusa la mwisho. "Baridi."

Ataichukua.

Jumanne, 12 Mei

Meza haitoki mlangoni. Mjomba aliijengea mle mle chumbani na hakuwahi kufikiri kwamba itakuwa na safari. Seremala ameikata vipande viwili, Mjomba akiwa nje ya nyumba kwa ombi lake mwenyewe.

Alhamisi, 14 Mei

Dada amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Chumba cha nyuma kina mwangwi.

Jumamosi, 16 Mei

Leo chumba cha watoto kimefunguliwa. Treni iko kwenye ile kona, na giza lake limegeuka kuwa kitu cha kutamaniwa. Watoto walijipanga kuzunguka meza wakiwa wameweka videvu ukingoni, na mabehewa yakapita mbele ya pua zao na ule mwanga wa manjano. Ilipoingia handakini walinyamaza wote. Ilipotoka walipumua.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka hospitali kwa Dada, akasimama karibu na dirisha. Mimi nilikuwa kwenye kitufe. Mjomba alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakiwa kifuani.

Kulikuwa na mtoto wa umri ule wa kuuliza kila kitu. Alikwisha kuuliza abiria wako wapi, na treni inakula nini. Akalivuta sweta la Mjomba, akaonyesha behewa la mwisho likiyoyoma.

"Ile taa ya nyuma ni rangi gani?"

Nikajiandaa kujibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mimi ambaye huwa sifungui. Mama naye aligeuka. Mkutubi alikuwa amesimama pale pale.

Mjomba akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi siioni rangi hiyo. Macho yangu yalizaliwa bila hiyo. Niambie wewe."

Mtoto alimkagua usoni kuona kama anatania. Kisha akasema, taratibu kama anamfundisha, "Nyekundu."

"Ahsante. Na miti ile?"

"Kahawia. Imekosewa."

"Najua. Nitahitaji msaada."

Basi ikawa fujo. Kila mtoto alitaka kumwambia kitu. Walimwambia rangi ya kapeti, ya vitabu, ya viatu vyao, ya ulimi wa mwenzao aliyekula peremende. Mkutubi aliacha kuwanyamazisha, akanitazama juu ya miwani yake, akatikisa kichwa kidogo, nadhani ameelewa lile "letu". Mjomba alipokea kila rangi kama zawadi. Kisha msichana mmoja akamshika mkono wa sweta, lile analolipenda kuliko nguo zake zote, analovaa kila mvua ikinyesha, na akamtangazia kwamba ni la waridi.

Mjomba alilitazama sweta. Aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili. Halafu akainua macho, polepole, kumtafuta mdogo wake aliyemnunulia.

Mama alikuwa anaangalia mvua dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.